Ng'onda wa Chini ya Boneti

Mume wangu ana neno lake moja ambalo mji wetu mzima wa Taebaek, huku milimani Korea, unamjua nalo: boneti haivunjwi, hubembelezwa. Mafundi wengine loki ikigoma wanaleta mtalimbo, wanachokonoa, wanapinda bati, kisha wanamwambia mwenye gari kwamba alikuja nalo hivyo hivyo. Pyo Gi-tae, Baba Hye-rim wangu, hapana. Yeye atalala chali chini ya gari, juu ya sakafu yenye barafu, tochi ameing'ata, mkononi kipande cha waya alichokikunja mwenyewe, naye atapapasa humo ndani taratibu mpaka usikie ta! Ndipo anatoka, anajipangusa, anasema, "Alikuwa amenuna tu." Miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kumwona akishindwa na boneti, na mimi si mtu wa kumsifu mume ovyo. Muulize yeyote hapa mtaani.

Ana miaka sitini na nne sasa. Anakoroma, hakati kucha mpaka afokewe, na huzungumza na betri kuliko anavyozungumza na mimi. Akimaliza gari, kabla hajampa mtu ufunguo wake, lazima anitume: "Mama Hye-rim, kahawa ya mteja!" Hata mteja aape kwamba ametoka kunywa, mimi nitatumwa tu. Nilidhani ni ukarimu. Na kila baada ya wiki mbili tatu anaingia jikoni na ng'onda wawili au watatu, wale samaki wetu wanaokaushwa kwenye theluji mpaka wanakuwa wagumu kama kuni, anasema, "Heo kanipa." Heo ni rafiki yake wa jeshini, anafanya kazi kule Daegwallyeong kwenye viwanja vya kukaushia samaki. Basi mimi nawaponda kwa rungu, napika supu, tunakula, namshukuru Heo. Nimemshukuru Heo miaka mingi, jamani.

Sasa niseme yangu, maana siku za mwizi ni arobaini na zangu zimeshapita.

Kwetu mtu akinunua gari, hata liwe bovu la mkono wa tatu, hutandika meza mbele yake, huweka kichwa cha nguruwe, humwagia matairi pombe ya mchele, na mwisho hufunga ng'onda mzima chini ya boneti kwa uzi mweupe. Jicho la ng'onda halifumbi. Linaiona ajali kabla dereva hajaiona. Na uzi mweupe ni umri mrefu. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo, na lori la kwanza la baba yangu lilipita kwenye hii milima miaka ishirini bila mkwaruzo.

Mume wangu hataki hata kusikia. "Samaki hajui breki," ndilo jibu lake. Tena anasema ni hatari: injini ina moto, uzi unaweza kunasa popote, siku moja gari litawaka watu wakidhani ni supu. Juu ya mlango wa gereji ametundika kipande cha boksi alichoandika kwa kalamu nene: HAPA HATUFUNGI SAMAKI.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa Desemba, Mama Tae-gyu alikuja na gari la mwanawe. Huyu mama anauza samaki wakavu kwenye soko la Tongni, lile linalokaa kila tarehe tano, kumi na tano na ishirini na tano. Tae-gyu alikuwa mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na minne, kapata kazi Wonju, kajinunulia kigari cha rangi ya maziwa. Mume wangu alimbadilishia breki zote. Na yule mama alikuja na ng'onda kwapani, mkubwa kuliko wote wa mezani kwake, na uzi mpya.

"Fundi," alisema, "nifungie huyu, mwanangu asafiri na mlinzi."

Mume wangu akacheka. Nilikuwepo, nimeshika kahawa, nilimsikia kwa masikio yangu haya. "Mama, samaki hajui breki! Breki nimezifunga mimi kwa mikono yangu. Mlinzi gani tena?" Mafundi wawili waliokuwa wanacheza karata pembeni nao wakacheka. Mama wa watu akacheka pia, kicheko kile cha aibu ambacho hakifiki machoni, akamweka yule ng'onda kwenye meza ya spana kana kwamba kamleta tu kama zawadi, akaondoka ameinamisha kichwa.

Siku tatu baadaye gari liliteleza kwenye barafu, kwenye mteremko kabla ya handaki. Tae-gyu akafa palepale.

Polisi walipima kila kitu. Breki zilikuwa nzima, hazina hata doa. Ilikuwa barafu, na mtu hashtaki barafu. Lakini mabaki ya lile gari yalikokotwa mpaka uwanjani kwetu, maana karibu hapakuwa na gereji nyingine, na mume wangu akajifungia nalo kutwa nzima, hataki chakula, hataki mtu. Alipotoka hakuwa mtu tena. Alifunga gereji mpaka theluji ikayeyuka. Mezani alikuwa anainua kijiko, halafu kinasimama hapo hapo hewani, anauangalia mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Hye-rim wetu alikuwa na miaka tisa, alikuwa akiniuliza, "Mama, baba mkono unamuuma?" Nimjibu nini? Nilikuwa na mume na sina mume.

Majira ya machipuko akaifungua, na gari la kwanza lilikuwa lori la makabichi. Nami usiku wa kuamkia siku ya kulikabidhi sikulala hata lepe. Asubuhi nikachukua ng'onda na uzi, nikangoja aende kunawa mikono kwa ajili ya chakula, nikamfunga nyuma ya chupa ya maji ya kuoshea kioo. Fundo moja. Lori likaondoka, na usiku ule nikalala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Basi ndiyo ikawa. Gari baada ya gari, miaka kumi na tisa! Ng'onda wangu nilikuwa nanunua kwa Mama Tae-gyu mwenyewe, maana ningenunua kwa nani tena? Hakuwahi kuniuliza nawapeleka wapi wote wale, nami sikuwahi kumwangalia usoni. Na mume wangu mikono ikamrudia, na mdomo ukamrudia pia. Akikaa na wenzake huwaambia: "Miaka kumi na tisa hakuna gari lililotoka kwangu likarudisha maiti. Ni hii hapa!" Na anainua ile mikono yenye grisi. Nami nanyamaza, nameza mate. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu duniani. Si kufa. Niliogopa siku atakayogundua kwamba mkewe, anayelala naye kitanda kimoja, hajaiamini mikono ile hata siku moja. Ingekufa tena, na mara hii isingefufuka.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, akatuingilia Mwalimu Ok. Huyu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa amevaa suti na tai nyekundu. Gari lake lilikuwa linafuka moshi mbele.

"Fundi Pyo, niokoe! Harusi ya mpwa wangu saa sita, Samcheok! Taa ya joto imewaka, nikataka kuongeza maji, boneti haifunguki. Nimevuta kile kishikizo cha ndani mpaka kimebaki mkononi." Na kweli alikuwa nacho mkononi, anakionyesha.

Mimi nilikuwa nafagia. Ufagio ukanidondoka.

Kwa sababu nilikumbuka. Wiki mbili nyuma gari hili hili lilikuwa hapa kubadilishwa mafuta, na siku ya kulikabidhi mume wangu alikuwa kwa daktari wa meno anang'olewa gego. Ufunguo nilimpa mimi Mwalimu Ok. Na ndani nilikuwa nimefunga ng'onda kama kawaida, ila siku ile nilikuwa na haraka, nikamsogeza mbele mno, karibu na loki.

"Mama Hye-rim, njoo ubonyeze boneti," mume wangu akaniita. "Weka viganja hapa, kandamiza chini. Mimi navuta waya kwa koleo."

Nikabonyeza. Mikono yangu juu ya bati, na chini ya bati yupo samaki wangu, tumetenganishwa na unene wa sufuria. Akavuta. Wapi! Akavuta tena. Kijasho chembamba kikanitoka na nje kulikuwa na baridi ya kugandisha nguo zikasimama zenyewe.

"Haijakatika waya," akasema. "Kuna kitu kimeshika loki."

"Tuvunje tu," nikasema.

Mume wangu akageuka akaniangalia kama niliyemtukania mama. "Nini?"

"Nasema tuvunje. Mwalimu ana harusi. Au apelekwe kwa yule fundi wa karibu na stesheni, ana vifaa vya kisasa."

"Mama Hye-rim, una homa?"

"Nimesema tu!"

"Miaka thelathini na moja," akamwambia Mwalimu Ok, "huyu mwanamke hajawahi kumtaja fundi mwingine ila kwa kumtukana. Leo kuna jambo."

"Labda amempenda," akasema Mwalimu Ok. "Yule wa stesheni bado ana nywele."

Mimi huwa simwachi mtu akanitania bure, nina ulimi wangu na watu wanaujua. Siku hiyo ulimi uliniganda. Mume wangu akatandika boksi chini, akang'ata tochi, akalala chali, akaingia chini ya gari mpaka nikaona viatu tu. Nikabaki navitazama vile viatu. Nikasikia waya unakwaruza, unatafuta. Mwalimu Ok akawa anatembea huku na huku, anaangalia saa.

"Kuna kitu laini," sauti ikatoka chini.

"Panya!" akapiga kelele Mwalimu Ok. "Nilijua! Mke wangu alisema ananusa kitu!"

"Si panya." Waya ukasimama. "Ni uzi."

Damu ilinikauka mwilini, ndugu yangu. Nimesikia watu wakisema hivyo nikidhani ni maneno tu. Si maneno.

"Mama Hye-rim."

"Abee."

"Niletee ule mkasi wako mdogo wa kushonea."

Nikaenda. Mlango wa nyumba uko hatua kumi, zikawa mia. Nikaupata mkasi, nikarudi, nikamkabidhi, na mkono wake ulipoupokea ukagusa vidole vyangu, ukakaa kidogo, kisha ukaondoka. Nikasikia mkasi ukikata. Nikasikia ta!

Boneti ikainuka yenyewe kidogo. Mwalimu Ok akaikimbilia, akaipandisha, akaruka nyuma.

"Mama yangu! Nani huyu?"

Ng'onda alikuwa pale pale, mdomo wazi, macho wazi, upande mmoja umekuwa kahawia kwa joto, na uzi wake mweupe umezunguka ndoana ya loki mara tatu nne kama umefumwa. Alikuwa ananiangalia mimi. Mume wangu akatoka chini ya gari, akasimama, akajipangusa magoti. Hakusema "alikuwa amenuna tu". Nikafungua mdomo niungame, nikasema, "Baba Hye-rim, mimi..."

Naye akamchukua yule samaki, akamnusa, akamtia kwenye mfuko wa koti lake la kazi kwa mazoea kabisa, kama mtu anayetia leso. Kisha, bila kuniangalia, akasema:

"Mama Hye-rim, kahawa ya mteja."

Nikasimama pale mdomo wazi kuliko samaki.

Kahawa ya mteja. Kila gari likiisha. Kabla ya ufunguo. Hata mteja akikataa. Nikaangalia ule mfuko wa koti, mkia umechungulia nje, na nikamkumbuka Heo wa Daegwallyeong. Loo! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mimi nilikuwa natetemeka nisifumaniwe, kumbe nilifumaniwa zamani na kesi imekwisha!

"Mimi sitaki kahawa," akasema Mwalimu Ok. "Mimi nataka samaki wangu! Kama alikuwa humo wiki mbili, basi ndiyo maana juzi niliserereka kule kwenye kona sikugonga ukuta. Nirudishie!"

"Samaki hajui breki, Mwalimu," mume wangu akasema kwa upole, anajaza maji kwenye rejeta. "Mpira wa maji ulilegea, nimeukaza. Kishikizo utakuja kuwekewa Jumatatu. Nenda harusini."

Akaenda. Vumbi la theluji likatulia. Tukabaki wawili.

"Umejua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lori la makabichi."

"La kwanza?"

"La kwanza. Mimi hukagua mara ya mwisho kabla ya kukabidhi, hulijui hilo? Nikainua boneti, huyu hapa ananikodolea macho."

"Na Heo?"

"Heo alihamia Jeju miaka kumi na moja iliyopita. Anauza machungwa."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikipika..."

"Supu yako nzuri," akasema. "Na walikuwa hawajakaa saa mbili humo ndani. Safi kabisa."

Nikampiga na ufagio. Nilimpiga kweli, mgongoni, mara mbili, naye hakukwepa. Nilikuwa nataka kucheka na kulia na sijui nianze na kipi. Magari mangapi! Nilikuwa nalala usingizi mnono nikijua kila moja lina mlinzi wake, kumbe watu wameshuka ile milima bila kitu, na mlinzi wao yuko tumboni mwangu!

"Mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unalala," akasema. "Kabla ya hapo ulikuwa hulali. Nilikuwa nakusikia unajigeuza. Siku ya lori la makabichi ukalala mpaka ukakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Basi."

Hapo ndipo kikanichoma, kile nilichokiogopa miaka yote. Hakikuja vile nilivyokiogopa. "Kwa hiyo," nikasema, "miaka kumi na tisa umejua kwamba mkeo haiamini mikono yako."

"Nilijua."

"Na ukaendelea kufanya kazi."

"Ningefanyaje? Magari yalikuwa yanakuja."

Alilisema hivyo tu, anafuta koleo kwa kitambaa. Afadhali angenipiga. Nikaketi juu ya tairi nikalia kwa sauti, na mimi si mtu wa kulia. Nikamwambia, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipolijua, si mikono, Baba Hye-rim, sikuwahi kuishuku mikono. Ni kile kicheko. Mama wa watu aliomba samaki, ukamcheka, na mwanawe akaenda bila kitu akafa. Nilikuwa nalipa kile kicheko. Kila gari nililifungia yule samaki ambaye Tae-gyu hakufungiwa.

Mume wangu aliacha kufuta. Nikainua kichwa. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa ule wa Desemba ile, na nikaogopa. Akapanda kwenye kigoda, akapapasa rafu ya juu kabisa nyuma ya makopo ya rangi, akateremsha kopo la biskuti lenye kutu. Ndani mlikuwa na uzi. Ulikuwa mweupe zamani. Sasa ulikuwa mweusi wa mafuta, na sehemu moja una kutu.

"Alikuwemo," akasema.

"Nani?"

"Ng'onda. Wa Tae-gyu. Alikuwemo."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa, nikawa namwangalia tu.

"Nilicheka kwa sababu wale wenzangu walikuwepo," akasema. "Nilivyomwona anaondoka ameinama, nikaona aibu. Alimwacha samaki hapa mezani. Kijana alikuwa anakuja jioni. Nikamfunga mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Mafundo mawili. Sikumwambia mtu, ningemwambiaje mtu baada ya maneno yale yote? Gari lilipoletwa, boneti imejikunja yote, loki imebanwa. Wenye kulikokota wakasema lete mtalimbo. Sikuweza. Nikaibembeleza kutwa nzima, nikasema labda alifunguka, labda alianguka njiani. Ilipofunguka, alikuwa palepale. Macho wazi."

Jamani. Jamani! Kwa hiyo breki zilikuwemo na samaki alikuwemo. Mikono ilikuwemo, uzi ulikuwemo, na yule kijana akafa. Na yeye alilijua hilo, akaniacha niendelee kufunga na kulala, gari baada ya gari, na kila mara akaingiza ule mkono akamtoa samaki ambaye alishamwona akishindwa.

"Na Mama Tae-gyu?" nikauliza nilipoweza. "Yeye umemnyima neno hili kwa nini?"

"Yule ana mtu wa kumlaumu. Ananilaumu mimi. Nikimwambia samaki alikuwemo, atamlaumu nani? Barafu? Bora mimi."

"Alikwambia anakulaumu?"

"Atakosaje?"

Nikamwambia vaa koti safi, tarehe tano tunakwenda sokoni. Akasema hawezi. Nikasema atakwenda kwa miguu yake au nitamkokota kwa mnyororo kama gari bovu. Hakuwa amekanyaga soko la Tongni tangu msiba ule, hata soksi nilikuwa namnunulia mimi.

Siku ya soko theluji ilikuwa inadondoka kidogo kidogo. Mama Tae-gyu, bado tunamwita hivyo, alikuwa nyuma ya meza yake, kajifunga mtandio kichwani, mzee sasa, samaki wamepangwa mbele yake. Aliponiona akainua mkono kuchukua gazeti la kufungia, kama kawaida. Kisha akamwona aliye nyuma yangu. Mkono ukabaki hewani.

Mume wangu akatoa ule uzi mfukoni, akauweka juu ya meza katikati ya samaki, akainama mpaka kofia ikamdondoka. Na akasema yote, ameinama hivyo hivyo: kicheko, aibu, mafundo mawili, boneti, macho wazi. Nilikuwa namtazama yule mama. Kwanza hakuelewa, kama mimi. Halafu akaelewa.

Akashika ng'onda mkubwa kwa mkia, akazunguka meza, akampiga nao begani. Pa! Watu wakageuka. Akampiga tena. Mara ya tatu ng'onda akavunjika vipande viwili.

"Miaka kumi na tisa!" akapiga kelele. "Miaka kumi na tisa nimejilaumu mimi! Mimi mama yake! Kwamba niliona haya ya kuchekwa, nikaondoka, nikamwacha mwanangu aende mtupu! Wewe sikukulaumu hata siku moja, mpumbavu wewe! Kila usiku namwambia, mwanangu nisamehe sikukufungia. Na wewe unao uzi kwenye kopo!"

Mume wangu alikuwa bado ameinama. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye theluji mbele ya viatu vyake. Muuza viazi wa jirani akavua kofia, hajui kuna nini, akavua tu.

Mama Tae-gyu alikuwa anahema. Akatupa kipande cha mkia, akauchukua ule uzi, akaugeuzageuza vidoleni, akalitafuta fundo, akalipata.

"Ulifunga mawili?" akauliza.

"Mawili, mama."

"Mimi ningefunga matatu," akasema.

Akafuta kigoda cha plastiki kwa mtandio wake, akakisukuma kwa mguu mpaka kwa mume wangu. "Kaa," akamwambia. Naye akakaa. Yule mama akakaa kwenye kreti la samaki, uzi mapajani.

Mimi nikaenda kutafuta kahawa.